Kufaragua si Kubahatisha

Imezuka kauli katika mji wetu, na kwa kuwa inasemwa na watu wanaoheshimika, imeanza kuaminiwa bila kuhojiwa. Kauli yenyewe ni hii: mashine ya msasa ni ya mbao, na fundi yeyote anayeiweka juu ya gari ili kuling'arisha ni mharibifu wa mali za watu, afukuzwe. Nimeisikia kwenye vijiwe vya kahawa, nimeisikia kwa wauza vipuri, na nimemsikia bwana mmoja mwenye gereji kubwa akiitamka kwa sauti ya mtu anayesoma amri. Mimi si fundi wa magari. Nilikuwa mwalimu kwa karibu miaka arobaini, na nusu ya miaka hiyo nilikuwa mwalimu mkuu. Lakini ni wajibu wa mwalimu kutenganisha neno lililothibitishwa na neno lililorudiwa mara nyingi tu. Kauli hii nimeipima, na nimeiona kuwa ya aina ya pili. Ndiyo maana naandika kuipinga.

Ndugu msomaji unaweza kuuliza, kulikoni mzee mzima kushika kalamu kwa ajili ya polishi? Sababu ni kwamba kauli hii ina mtu chini yake, na inamkanyaga. Jirani na kwangu yuko kijana seremala. Hutengeneza vitanda, kabati na milango, na kwa miaka kadhaa ya kujinyima alinunua mashine moja ya kupigia msasa, ile ya sahani ya duara inayoshikwa kwa kiganja. Wiki inapokuwa haina kazi za mbao, huivisha mashine hiyohiyo sponji na kung'arisha magari ya watu wa mtaani. Fedha ya Jumamosi ndiyo inayomsomesha mdogo wake. Tangu kauli hii ienee wateja wake wamepungua, na wapita njia humtania kwamba seremala analipiga gari randa. Yeye hucheka nao. Mimi sicheki, kwa sababu nimewaona vijana wengi maishani mwangu walioambiwa kwamba ujuzi wao ni uhuni. Huuacha, na wakishauacha, wale waliowacheka hawawaletei kazi nyingine.

Tuanze na neno lenyewe. Msasa, kabla haujawa karatasi ya dukani, ulikuwa mti. Majani yake yanakwaruza kama ulimi wa paka, na maseremala wa pwani waliyatumia kusugulia mbao kabla karatasi za viwandani hazijazoeleka. Jani la msasa lilikuwa la kumalizia kazi, hadi ubao ukawa laini chini ya kiganja. Hakuna aliyesema kwamba jani hilo ni adui wa ulaini. Karatasi za leo ni vivyo hivyo. Namba 60 huchimba ubao, namba 3000 huacha ukungu hafifu tu. Na polishi ya gari, ile ya kuondolea mikwaruzo, nayo ni msasa uliowekwa ndani ya chupa: mna chembechembe ngumu, ndogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuziona, na kazi yake ni kukata. Anayesema kwamba msasa usiguse gari kamwe, kisha akasifu polishi, hajui kilichomo ndani ya chupa aliyoishika.

Sasa tuitazame mashine. Inayobishaniwa hapa ina miendo miwili kwa wakati mmoja. Mota huzungusha mhimili, lakini sahani inayobeba msasa haikufungwa katikati ya mhimili huo. Imefungwa kando kidogo, juu ya beringi. Kwa hiyo sahani nzima huchora vijiduara vidogo vidogo, na wakati huohuo hujizungusha yenyewe, kwa kuwa iko huru juu ya beringi yake. Miendo hiyo miwili ikichanganyika, chembe moja ya msasa hairudii njia ileile. Ndiyo sababu maseremala waliipenda: haiachi mistari iliyojipanga kwenye ubao. Tena ina tabia moja ya kumwokoa mtumiaji. Ukiikandamiza kupita kiasi, ule mzunguko wa sahani husimama, ukabaki mtikisiko mdogo tu, na kukata kunapungua. Mashine inakuonya kabla hujaharibu.

Nilifundisha hisabati, basi nivumiliwe hesabu moja. Mashine nyingi ndogo za namna hii huchora kijiduara chenye kipenyo cha milimita 2.5 hivi, na zikifunguliwa hadi mwisho hukichora kama mara 12,000 kwa dakika, yaani mara 200 kwa sekunde. Mzingo wa kijiduara hicho ni karibu milimita 7.9. Zidisha kwa 200, unapata kama mita 1.6 kwa sekunde. Huo ni mwendo wa mtu anayewahi sokoni kwa miguu. Sasa chukua grainda ya kukatia chuma, ambayo huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika, kisha ifunge sponji ya milimita 125. Ukingo wa sponji hiyo hukimbia karibu mita 72 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 250 kwa saa. Hata ukiongeza kule kujizungusha kwa sahani ya mashine ya msasa, tofauti inabaki kubwa mno. Msomaji aishike hesabu hii, maana nitairudia mbele.

Tuje kwenye rangi. Rangi ya gari kutoka kiwandani ni nyembamba kuliko watu wanavyodhani. Kwa magari mengi, matabaka yote yaliyo juu ya bati, yaani praima, rangi yenyewe, na ile ya juu isiyo na rangi ambayo mafundi huiita klia, kwa pamoja yana unene wa kama maikroni 100 hadi 150. Maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Karatasi ya kawaida ya fotokopi ina unene wa kama maikroni 100. Basi rangi yote ya gari lako ni karatasi moja au moja na nusu, na klia peke yake ni nusu karatasi au pungufu. Klia ndiyo inayong'aa, na ndiyo inayoikinga rangi ya chini isiunguzwe na jua. Mkwaruzo ni bonde ndani ya klia. Anayeung'arisha halijazi bonde hilo. Anavishusha vilima vya pembeni mpaka vilingane nalo. Kwa hiyo kila polishi ya kukata hupunguza klia, iwe imesuguliwa kwa mkono, kwa mashine ya msasa, au kwa mashine ya bei ya ng'ombe wawili. Swali la maana kwa fundi yeyote ni hili: umekata kiasi gani, na kimebaki kiasi gani? Jina la mashine halijibu swali hilo.

Nitatoa mfano ulionipata mwenyewe. Nina Toyota Corolla ya mwaka 1998, moja ya yale magari ya mitumba yaliyokuja kutoka Japani. Boneti yake ilikuwa imefifia na kujaa mikwaruzo midogo midogo, ile inayoonekana jua likipiga kama utando wa buibui. Niliipeleka kwenye gereji moja ya mjini ambayo sitaitaja. Nikaambiwa, bila mtu kuinama kutazama, kwamba dawa ni kupiga rangi upya, shilingi laki tatu na nusu. Nikarudi nyumbani, nikamwita kijana wangu.

“Shikamoo Mwalimu.”

“Marahaba mwanangu. Hebu nitazamie hili.”

Aliosha boneti kwanza, akaikausha, kisha akapitisha ukucha polepole juu ya mikwaruzo. “Mwalimu, ukucha haunasi. Hii iko juu juu. Huu mmoja tu ndio umezama. Huo sitaumaliza, nitaupunguza makali.”

“Kwa nini usiumalize?”

“Nikiufuata mpaka chini, nitamaliza klia.”

Kijana ambaye hakupitia chuo chochote alinipa jibu ambalo yule bwana mwenye kompyuta mezani hakunipa. Alibandika karatasi ya gundi kwenye kingo zote, akaanza na sehemu moja yenye ukubwa wa daftari mbili, akaifuta, akanionyesha, ndipo akaendelea. Saa tatu zilipita. Nikamlipa elfu arobaini. Miaka miwili imepita tangu siku hiyo, boneti haijababuka, na ule mkwaruzo mmoja uliozama bado upo, umefifia, kama alivyoniambia.

Wanaosema kwamba ipo mashine maalumu ya kung'arishia magari, na kwamba hiyo pekee ndiyo halali, waulizwe ilitoka wapi. Kampuni ya Porter-Cable ya Marekani iliuza mashine ya msasa ya inchi 6 yenye namba 7336, na iliuza pia mashine ya polishi yenye namba 7424. Hizo mbili zilikuwa ndugu wa tumbo moja. Umbo lilikuwa moja na mwendo ulikuwa uleule wa vijiduara. Tofauti kubwa ilikuwa kwenye sahani na kwenye kile kipande cha uzito kinachosawazisha mtikisiko. Wapenda magari wengi wa huko walijifunzia kazi hiyo kwa mashine za ukoo huo. Basi mashine ya polishi inayotukuzwa leo ina damu ya msasa ndani yake. Kumcheka kijana kwa kuvisha msasa sponji ni kumcheka babu wa mashine unayoisifu.

Hapa nataka niseme neno ambalo walimu wa umri wangu watalikumbuka. Nilipokuwa chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya sabini, siku zile Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilipokuwa ikihubiriwa kila kona, neno tulilolisikia kila siku lilikuwa kufaragua. Shule hazikuwa na vifaa, na mwaka 1977 ulipotekelezwa mpango wa elimu ya msingi kwa wote, madarasa yalifurika na vifaa vikazidi kuwa haba. Mwalimu alitakiwa atengeneze mizani kwa fito, kamba na makopo mawili ya maziwa. Mkaguzi akija darasani hakuuliza mizani ile ilinunuliwa duka gani. Aliweka kokoto huku na kokoto kule mpaka fito ikalala sawa, kisha akabadilisha pande. Ikilala sawa tena, mizani ilisema kweli, naye aliandika vizuri kitabuni mwake. Kama mwalimu alifunga kamba pasipo katikati, fito iliinama, mizani ikaumbuka, na mwalimu akaumbuka nayo. Sheria ilikuwa moja tu: kifaa cha kufaragua hakina budi kutii kanuni ileile inayotiiwa na kifaa cha dukani. Kufaragua si kubahatisha. Anayefaragua anajua kanuni lakini hana kifaa. Anayebahatisha anaweza kuwa na kifaa cha bei mbaya na asijue kanuni.

Kwa kipimo hicho nitawatendea haki wapinzani wangu, maana wanazo hoja zenye uzito. Ni kweli kwamba sahani ya mashine ya msasa ilitengenezwa kwa ajili ya ubao ulionyooka, na ubavu wa gari una mikunjo. Ni kweli kwamba kijiduara cha milimita 2 au 3 hufanya kazi polepole, ilhali mashine za polishi za siku hizi zina vijiduara vya milimita 8, 15, hata 21, na humaliza mlango mmoja wakati msasa bado unahangaika na robo. Ni kweli kwamba baadhi ya mashine za msasa hazina kidhibiti cha kasi, na hizo hazifai kwa kazi hii. Na ni kweli, tena hii ndiyo hoja yao bora ambayo hawaitumii, kwamba mashine iliyokuwa ikipiga mbao jana imejaa vumbi, na punje moja ya msasa namba 80 ikibaki juu ya sahani, itachora kwenye klia mstari usiofutika. Mwenye uwezo wa kununua mashine ya polishi na ainunue. Sijasema kwamba msasa ni bora kuliko mashine hiyo. Nimesema kwamba si uharibifu, na kwamba mtu mwenye mashine moja na akili timamu anaweza kuitumia kwa uaminifu.

Sasa nairudia ile hesabu. Wakati kauli ya kumfukuza kijana wa msasa inaenea, ni kifaa gani kinachochoma rangi za magari mchana kweupe katika mitaa yetu? Ni grainda. Hiyohiyo ya kukatia nondo, iliyofungwa sponji au kitambaa cha manyoya. Ipo mashine ya polishi ya kuzunguka moja kwa moja, ambayo mafundi rangi wazoefu huitumia vizuri sana, lakini hiyo hufanya kazi kati ya mizunguko 600 na 3,000 hivi kwa dakika, na ina kidhibiti. Grainda ya kawaida haina kidhibiti, na mizunguko yake ni karibu mara nne ya kile kikomo cha juu. Hutoa joto. Kwenye kingo za milango na mikunjo ya boneti, ambako klia ni nyembamba zaidi, sekunde chache zinatosha kuitoboa. Kwenye bampa ya plastiki ni balaa, kwa sababu plastiki haisambazi joto kama bati. Siku ya kwanza gari hung'aa, mwenye gari akatoa na bahasha ya asante. Anapolitoa juani siku nyingine anaona mawimbi yanayotembea juu ya rangi, na baada ya misimu kadhaa ya jua paa linaanza kubabuka kama ngozi ya mtu aliyeungua.

Mbona basi hatusikii kauli ya kuifukuza grainda? Nitajibu bila kumung'unya maneno. Grainda imo ndani ya gereji za wakubwa. Msasa uko barazani kwa seremala. Kinachopigwa vita hapa ni baraza la maskini, na rangi ya gari imefanywa kisingizio. Na matokeo yake ni kinyume kabisa cha yanayodaiwa. Kijana akizomewa kwa kutumia msasa, hataacha kutafuta riziki. Ataazima grainda, kwa sababu ameona wakubwa wanaitumia na hawazomewi. Tutakuwa tumemtoa kwenye mashine ya mwendo wa miguu tukamkabidhi ya kilomita 250 kwa saa, kisha tukajisifu kwamba tumelinda mali za watu.

Wala sitawapaka mafuta vijana, maana mwalimu anayesifu tu ni adui wa mwanafunzi. Wako wanaobahatisha, na hao wanawapa wapinzani silaha. Kwenu nasema haya. Kwanza, sponji na sahani za magari ziwe mbali na za mbao, katika mfuko wake uliofungwa, na mashine ipulizwe na kufutwa kabla ya kugusa rangi. Pili, gari lioshwe, na kazi ifanyike kivulini juu ya bati lililopoa, kwani kusugua rangi yenye vumbi ni kuisaga. Tatu, kasi iwe ya chini, na mashine iwekwe juu ya rangi kwanza ndipo iwashwe. Ukiiwasha hewani, sahani hukimbia ovyo, na polishi hutapakaa mpaka kwenye vioo. Nne, chora mstari mmoja wa kalamu pembeni mwa sahani. Mstari ukionekana unazunguka, unafanya kazi. Ukisimama, punguza mkono. Tano, anza na polishi laini kuliko zote katika sehemu ndogo, na uende kwenye kali pale tu laini iliposhindwa. Sita, itazame sponji yako kila mara. Ikianza kuchukua rangi ya gari, zima mashine. Ama gari hilo halikupakwa klia tangu mwanzo, ama umekwisha kuipita, na katika hali zote mbili unapaswa kusimama na kumwita mwenye mali. Saba, na hili ndilo kubwa, jifunze kumwambia mteja kwamba mkwaruzo huu sitaugusa. Fundi asiyeweza kutamka maneno hayo hajawa fundi bado, hata awe na mashine kumi.

Nanyi wenye magari mna sehemu yenu. Mikwaruzo mnayoilalamikia mingi mmeitia wenyewe. Kila asubuhi mnafuta vumbi kwa kitambaa kikavu, na vumbi letu ni mchanga, na mchanga ni msasa. Mwagieni maji kwanza. Kisha mnataka gari ling'ae kama kioo kila sikukuu, Idi na Krismasi, na fundi akisema kwamba rangi imechoka mnamwendea mwingine asiyesema. Kumbukeni ile nusu karatasi. Kila mnapoamuru likatwe tena mnachana kipande chake, na hakuna duka linalouza klia ya kiwandani mkairudishia nyumbani. Gari likishang'arishwa vizuri mara moja, mara nyingi linahitaji kuoshwa kwa upole na kupakwa nta, na nta haikati. Anayekwenda kununua gari la mitumba linalomeremeta kupita umri wake naye asikimbilie kufurahi. Aulize limesuguliwa mara ngapi na kwa mashine gani. Kipo kifaa kidogo cha kupima unene wa rangi juu ya bati, na mnunuzi mwenye busara humtafuta mwenye nacho kabla ya kutoa fedha.

Kifaa hicho kinanifikisha kwenye ombi langu kwa wakubwa. Tunayo Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, na inao utaratibu wa kuwapima na kuwatambua mafundi waliojifunza kazini bila kupita darasani. Utaratibu huo ni mzuri, na natamani uwafikie hata wang'arishaji wa magari walioko mabarazani. Mtihani wao hauhitaji jengo. Mpe kijana boneti moja chakavu, kipimo cha unene, na mashine aliyo nayo. Pima kabla, mwache afanye kazi, pima baada. Kama amerudisha mng'ao na klia imepungua kidogo tu, apewe cheti, awe alitumia mashine ya msasa au ya polishi. Kama ametoboa, arudi akajifunze, hata kama alikuja na mashine mpya iliyotoka dukani asubuhi ile. Na vijana wenyewe, badala ya kila mmoja kuota mashine ya gharama, wachangie watano au sita wanunue kipimo kimoja cha pamoja. Kipimo ndicho kitakachowatetea mbele ya mteja kuliko maneno yangu haya.

Kwa bwana mwenye gereji kubwa nina neno moja la heshima, kwa kuwa najua kwamba kazi yake anaijua. Anayejua akamkuta asiyejua anakosea, ana deni la kumwelekeza kabla ya kumzomea. Afungue geti lake Jumamosi moja kwa saa mbili, awaite vijana wa mtaani waje na mashine zao, na kila mmoja apime kazi ya mwenzake hadharani. Ikidhihirika kwamba msasa umekata klia zaidi ya mashine zake, nitaiandika habari hiyo kwa mkono wangu na kuibandika kwenye ubao wa serikali ya mtaa. Ikidhihirika vinginevyo, aiondoe kauli yake mahali alipoitangaza, kwa sauti ileile aliyoitangazia. Mpaka siku hiyo, wateja wa seremala na waendelee kumpelekea magari yao, wamwulize maswali, wasimame karibu wakati anafanya kazi, na akimaliza wamlipe haki yake bila kumpunja.